Kotesheni tatu za nyongeza ya nyumba Buru Buru zinatofautiana mno, na fundi mmoja anasema kibali si lazima

Mwenye nyumba, Buru Buru

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi na mume wangu tuna mezoneti huku Buru Buru, Nairobi, mojawapo ya zile za miaka ya 1970, na tunakaa na mama yangu mzazi ambaye sasa ana umri wa miaka 78. Vyumba vyote vya kulala viko juu, na magoti ya mama hayamruhusu tena kupanda ngazi, kwa hivyo tumeamua kumjengea chumba cha futi 12 kwa 14 katika ua wa nyuma, pamoja na bafu na choo chake. Tungependa paa liwe la slabu ili, Mungu akitujalia, siku moja tuongeze chumba kingine juu yake.

Nimewaita mafundi watatu. Wa kwanza, ambaye aliletwa na shemeji yangu, alipima ua kwa hatua za miguu yake, akaandika shilingi 780,000 nyuma ya risiti ya hadwea. Wa pili ana kampuni ndogo na alinitumia karatasi mbili zenye nembo, jumla yake ikiwa 1,465,000. Wa tatu aliniletea kitabu kizima, akaomba 2,120,000. Yule wa kwanza anataka nimpe asilimia 60 siku ya kuanza kuchimba, na nilipomuuliza kuhusu kibali cha kaunti alicheka, akaniambia kwamba nyongeza ya nyuma ya nyumba haihitaji kibali, na kwamba nusu ya majirani zangu wamejenga bila kuulizwa na mtu.

Naomba mnisaidie katika mambo mawili. La kwanza, je, nitalinganishaje bei ambazo moja inakaribia kuwa mara tatu ya nyingine? La pili, je, ni kweli kwamba naweza kuanza bila kibali, na kama si kweli, nianzie wapi?

Mkadiria majenzi

Dada, hizo ulizonazo ni bei za nyumba tatu, kwa sababu uliwaeleza mafundi kwa mdomo na kila mmoja akajenga yake kichwani. Wa kwanza huenda amehesabu ukuta wa mawe ya inchi 6, msingi wa futi mbili, na bei ya ufundi peke yake katika baadhi ya kazi, huku wewe ukidhani kwamba saruji na vyuma vimo ndani. Wa tatu huenda ameweka mawe ya inchi 9, vyuma vya milimita 12 katika nguzo na boriti, vigae vya ukutani hadi darini bafuni, tangi la maji, na tena akajiongezea kidogo kwa hofu ya udongo asioujua. Hakuna aliyekudanganya, pengine, lakini hakuna pia aliyekujibu swali moja na mwenzake.

Kabla hujamwita fundi wa nne, pata michoro. Ukishakuwa na michoro ya msanifu na ya mhandisi, mwombe mkadiria akuandalie BQ, yaani orodha ya kila kazi na kipimo chake: mita za ujazo za kuchimba, mita za ujazo za zege, kilo za chuma, mita za mraba za ukuta, za lipu, za rangi na za vigae, idadi ya milango na madirisha, urefu wa mabomba. Safu ya bei huachwa wazi. Hiyo karatasi moja ndiyo unayowapa wote watatu, nao wanajaza bei tu, bila kuongeza wala kupunguza kipimo. Ukizipokea, usianzie kwenye jumla. Anzia kwenye mistari. Ukiona mtu ameweka bei ya zege iliyo nusu ya wenzake, muulize mchanganyiko wake ni upi, kwa maana zege ya moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) haiwezi kugharimu sawa na ya moja kwa tatu kwa sita, na slabu ambayo unatarajia kuijengea juu haivumilii hiyo ya pili.

Kuna vitu ambavyo huwa havionekani katika kotesheni mpaka kazi ifike katikati, na hapo ndipo fundi wa bei ya chini hurudi kwako akiwa na daftari jipya. Kubomoa ukuta wa zamani ili kutoboa mlango, na boriti ya kuushikilia juu, ni kimoja. Kuondoa udongo uliochimbwa kwa lori ni kingine, nao si mdogo ukizingatia kwamba ua wako hauna mahali pa kuuweka. Kuna mbao na nguzo za kuishikilia slabu hadi ikauke, ambazo wengi hukodi kwa siku. Kuna maji ya ujenzi, ambayo mtaa ukikosa maji ya bomba itabidi uyanunue kwa bauza. Kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ambayo mkandarasi aliyesajiliwa kuitoza ataidai; basi uliza kwa maandishi kama imo katika jumla au itaongezwa juu, kwa sababu katika 1,465,000 hiyo ni zaidi ya 234,000.

Lakini katika nyumba yako mimi ningeuliza kuhusu msingi kabla ya yote. Sehemu kubwa ya Eastlands, upande wenu huo wa mashariki mwa jiji, ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao hufura ukinywa maji ya masika na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Chumba kikiketi juu ya udongo huo kitapanda na kushuka kila mwaka, ilhali nyumba yako ya zamani imeshatulia tangu zamani, na pale vinapokutana utapata ufa ambao hakuna lipu itakayouziba. Lipa vibarua wawili siku moja wachimbe shimo la futi tatu kwa tatu pale ukuta mpya utakaposimama, wachimbe hadi wafikie maramu, yaani udongo mgumu wa changarawe, au mwamba, na mhandisi aje alitazame. Kina cha shimo hilo ndicho kitakachokuambia ni nani kati ya hao watatu aliyekuwa anakisia.

Mwenye nyumba, South C

Mwenzangu, mimi nilikuwa na fundi kama huyo wako wa kwanza, na hata kicheko chake nakitambua. Mwaka wa 2017 nilijenga chumba na jiko la nje bila kibali, kwa sababu majirani walikuwa wamejenga na kwa sababu nilikuwa na haraka. Fundi alikuta kifuniko cha manholi, lile shimo la kukagulia maji taka, katikati ya ua, akaniambia tutaifunika kwa vigae na kuacha alama. Alama yenyewe ilipotea siku tulipomwaga sakafu. Baada ya miaka miwili maji taka ya nyumba nne yalifurikia ndani ya jiko langu jipya, na nililazimika kuivunja sakafu yangu mwenyewe kwa nyundo huku majirani wakinitazama kwa macho ambayo sitayasahau.

Hayo yalikuwa madogo. Mwaka jana nilipata mnunuzi wa nyumba, mtu mzuri mwenye mkopo uliokwisha kukubaliwa, na mthamini wa benki yake alipokuja na nakala ya ramani iliyoidhinishwa akakuta vyumba viwili ambavyo havimo katika ramani hiyo. Mkopo ulisimama. Mnunuzi alisubiri miezi mitatu, kisha akaenda zake. Sasa ninatafuta idhini ya jengo ambalo lilishajengwa, nami nimelipia michoro mara mbili, kwa sababu mhandisi hakukubali kutia sahihi vyuma ambavyo hakuviona, na ilibidi kutoboa zege kuviangalia.

Kuhusu majirani wako ambao hawakuulizwa: waulize kama wamejaribu kuuza.

Msanifu majengo

Nawasalimu nyote. Dada, nitalijibu swali lako la pili, na nitakwenda polepole kwa sababu watu wengi wamelichanganya.

Sheria inayotawala jambo hili ni ile ya upangaji wa matumizi ya ardhi ya mwaka 2019. Kifungu chake cha 57 kinakataza mtu yeyote kufanya ujenzi ndani ya kaunti bila idhini ya kaunti hiyo, na hakitofautishi mbele ya nyumba na nyuma yake. Anayevunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Na kinachouma zaidi ya faini ni kwamba anaweza kuamriwa airudishe ardhi ilivyokuwa, ndani ya siku 90. Ile herufi ya X nyekundu ya kubomolewa ambayo sote tumeiona kwenye kuta za Nairobi huanzia katika maneno kama hayo.

Anza na hatimiliki yako. Ikiwa una ardhi ya kukodishwa, yaani unayoimiliki kwa mkataba wa miaka maalumu, kama zilivyo nyingi za mitaa iliyojengwa kwa mpango, soma masharti ya mkataba wenyewe, kwa maana mengine hutaja idadi ya nyumba zinazoruhusiwa katika kiwanja au hutaka ridhaa ya mwenye ardhi kabla ya kubadilisha chochote. Fanya utafutaji rasmi wa hatimiliki katika Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, ili karatasi iwe ya karibuni, kisha uhakikishe kwamba kodi ya kiwanja ya kaunti imelipwa yote, maana maombi yatahitaji ushahidi wake. Watu hupoteza wiki nyingi hapa kwa deni la mwaka mmoja lililosahauliwa na mwenye nyumba wa zamani.

Kisha umwite msanifu aliyesajiliwa na bodi inayosimamia wasanifu na wakadiria majenzi, naye mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Usione haya kuomba nambari ya usajili na kuithibitisha. Maombi ya Nairobi huwasilishwa kwa mtandao na mtaalamu huyo, kwa niaba yako, pamoja na michoro ya usanifu na ya uhandisi, nawe utalipa ada inayotolewa na mfumo wenyewe. Kwa hivyo akija mtu wa kukuambia kwamba anamjua mtu fulani, na kwamba umpe pesa mkononi akuletee karatasi yenye muhuri ifikapo Ijumaa, mwambie akupe nambari ya maombi. Mimi niliwahi kuletewa karatasi ya namna hiyo na mteja aliyeinunua kwa dalali, nayo ilikuwa na muhuri mzuri kuliko mihuri yote niliyopata kuiona, lakini nambari yake haikuwepo popote.

Michoro sasa hukaguliwa kwa Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024, ambazo zilichukua nafasi ya sheria ndogo za mwaka 1968, kwa hivyo ukipewa ramani ya zamani ya jirani uinakili, ikatae. Baada ya kaunti kuidhinisha, mradi husajiliwa katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na mahali pa kazi huwekwa bango lenye majina ya wahusika. Mamlaka hiyo huwasajili wakandarasi kwa daraja nane, la kwanza likiwa la kazi kubwa kabisa, na huwatambua mafundi mmoja mmoja pia. Mwulize kila mmoja wa hao watatu yuko wapi katika orodha hiyo. Kuhusu NEMA, mamlaka ya mazingira, chumba kimoja katika mtaa wa makazi hakiwi na uzito wa jengo la fleti, lakini mwachie msanifu wako aamue kinachohitajika kuwasilishwa, asiwe fundi.

Neno moja kuhusu slabu. Ikiwa una nia ya kujenga juu siku moja, mwambie mhandisi sasa hivi, na aichore nguzo na misingi kwa uzito wa chumba cha juu, hata kama kibali unachoomba leo ni cha chini tu. Chuma cha ziada katika misingi minne ni gharama ndogo. Kuchimbua msingi uliokwisha kufunikwa ni gharama ya kuuza gari.

Mwenye nyumba, Donholm

Naongezea alilosema msanifu. Sheria hiyo hiyo ya 2019 inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, idhini huchukuliwa kuwa imetolewa. Kwa hiyo dada asisubiri mwaka mzima. Siku ya 61 awaite mafundi.

Msanifu majengo

Kaka, hesabu yako ya siku ni sahihi, lakini nisingemshauri mteja wangu ajenge kwa kuitegemea kimya kimya. Siku hizo huhesabiwa tangu maombi yaliyokamilika yapokelewe, na mara nyingi mtu hudhani amenyamaziwa ilhali katika mfumo kuna maoni yanayomtaka arekebishe mchoro mmoja. Zaidi ya hayo, mkaguzi akisimama langoni, au mthamini wa benki kama yule wa ndugu yetu wa South C, ataomba karatasi, nawe utampa kalenda. Zikifika siku 60, andika barua ya kuuliza, utaje kifungu, uhifadhi nakala yenye ushahidi kwamba imepokewa. Barua hiyo ina nguvu, na mara nyingi huleta jibu.

Mwenye nyumba, Buru Buru

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimefungua hatimiliki jioni hii na ni ya kukodishwa, kama alivyobashiri msanifu. Kisha nimetoka nje na tochi: kuna kifuniko cha manholi, nacho kiko pale pale ambapo kitanda cha mama kingekuwa.

Nina swali moja lililobaki. Fundi akidai asilimia 60 ya kuanzia, nimpe kiasi gani bila kumvunja moyo?

Mkadiria majenzi

Mlipe kwa hatua zinazoonekana kwa macho. Malipo ya kwanza yawe ya kumwezesha kuleta vifaa na kuanza msingi, basi. Yanayofuata yaje msingi ukifika usawa wa sakafu, kuta zikifika chini ya slabu, slabu ikimwagwa, na kazi za mwisho zikikamilika. Kila mara mhandisi au mimi, au mkadiria mwingine utakayemchagua, athibitishe kwanza. Mhandisi avione vyuma kabla ya zege kumwagwa, kwa sababu baada ya hapo ni nyundo tu itakayovionyesha. Zuia asilimia 10 ya kila malipo. Nusu ya hiyo uliyozuia mpe siku ya kukabidhiwa chumba, na nusu baada ya miezi sita, ili mvua moja ipite juu ya paa kabla hujammalizia malipo. Yaandike yote katika mkataba. Ule wa Baraza la Pamoja la Ujenzi wa mwaka 1999 unaweza kuwa mkubwa mno kwa chumba kimoja, lakini kurasa tatu zenye sahihi, michoro na BQ zinatosha.

Unaweza pia kununua vifaa mwenyewe na kumpa fundi kazi ya ufundi tu. Watu wengi hapa Nairobi hufanya hivyo na huokoa pesa, ila uwe na mtu wa kushinda pale kila siku akihesabu mifuko ya saruji. Kama nyote wawili mnakwenda kazini asubuhi, akiba hiyo itatoka kwa mlango wa nyuma.

Na hiyo manholi isisogezwe na fundi wa mabomba wa mtaani. Laini inayopokea maji ya nyumba nyingine haiwi yako hata ikipita uani kwako. Msanifu akisogeze chumba, au aombe ruhusa ya kampuni ya maji kabla ya kuchora.

Mwenye nyumba, Buru Buru

Ninarejea baada ya miezi mitano, kwa kuwa kuna walioniuliza faraghani nilifikia wapi.

Shimo lilikuwa la kwanza. Udongo mweusi ulikwisha futi tano kasoro, ndipo tukapata maramu, na mhandisi akachora msingi wa kushuka hadi hapo, wenye kiungio kati ya chumba kipya na ukuta wa zamani ili kila kimoja kisogee peke yake. Chumba kimehamia upande wa kushoto na kupungua hadi futi 11 kwa 14 ili manholi ibaki nje. Kabla michoro haijawasilishwa mama aliitazama, akauliza kama kiti cha magurudumu kitapita mlango wa bafu, nasi tukaupanua mlango hadi inchi 36, tukaondoa na kidato cha kizingitini. Maombi yalirudishwa mara moja kwa sababu ya kipimo cha umbali kutoka mpakani, yakarekebishwa, na idhini ikatoka.

Halafu nikawapelekea wote watatu BQ moja. Wa kwanza alisema yeye hajazi bei kwenye karatasi, hajawahi, na tangu hapo sijamsikia. Shemeji amenuna kidogo. Wa pili alipanda hadi 1,718,000, akakiri mwenyewe kwamba alikuwa amehesabu msingi wa futi mbili na nusu. Wa tatu alishuka hadi 1,895,000, kwa kuwa tangi la maji na vigae vya bei ya juu alivyokuwa ameviweka havikuwa katika orodha. Yule wa pili hakuwa ameijumuisha kodi na wa tatu alikuwa ameijumuisha. Wa pili anasema kampuni yake haijasajiliwa kuitoza, naye amekubali kuandika hivyo katika mkataba, kwamba bei haitapanda kwa sababu hiyo.

Tumemchukua wa pili. Malipo ya kwanza ni asilimia 15, na msingi utachimbwa mwezi wa Juni, masika yakishapita.